Ng'ombe wa Sodiamu

Jumatatu, 3 Mei 1993

Mvua tangu alfajiri. Vipindi viwili Kidato cha Pili. Kipindi cha tatu nimeahirisha, chini ya bati sauti haisikiki. Badala yake tumemaliza kushona jedwali la elementi. Mifuko kumi ya saruji, tumeipasua na kuigeuza ndani iwe nje, uzi wa katani. Bupe ameshona, Gwakisa amepiga mistari, mimi nimeandika elementi ishirini za kwanza. Limefunika ukuta mzima wa upande wa ofisi. Linatoa vumbi ukiligusa lakini linapendeza. Watoto wameimba haidrojeni mpaka kalisi bila kukosea.

Saa nane Mkuu wa shule akaniita. Bodi inakaa Jumatano ya tarehe kumi na tisa. Hoja yake: Kemia iondolewe kuanzia muhula wa Julai, iwekwe Biashara. Hatuna maabara, anasema. Hatuna kemikali. Siku hizi soko huria, Mwalimu, mzazi anataka mtoto ajue kuuza. Nikamwambia vizuri, nitakuja kulitetea somo langu mbele ya bodi. Akacheka. Akauliza nitaingia vipi na mwenyekiti namjua ni nani.

Nimetoka bila kuaga. Nina hasira.

Jumanne, 4 Mei

Mwenyekiti wa bodi ni baba mkwe wangu. Ndiyo maana alicheka.

Miaka sita ya ndoa, uso wake siujui sawasawa. Nikimwona anakuja njiani naingia migombani, nageuza mgongo, natanda kanga kichwani mpaka apite. Akiwa sebuleni mimi niko jikoni, nanong'ona. Hata humu, kwenye daftari langu mwenyewe, jina lake siandiki. Wazee wanaita ukutila. Mabinti wa Tukuyu mjini wameshaacha, wanakula meza moja na wakwe zao. Kwa ukoo huu wa Ikuti, thubutu.

Sisemi mzee ni mbaya. Hajawahi kunikosea. Jiko ninalopikia alilijenga yeye. Niliolewa nikijua na nikakubali, na mpaka leo nikisikia kikohozi chake miguu yenyewe inatafuta pa kujificha. Lakini siku za bodi mimi hubaki nyumbani, kila mtu anajua, hakuna hata anayeniuliza. Kwa hiyo Mkuu amepeleka hoja siku ambayo mwenye somo hana mdomo. Mjanja huyu bwana. Mjanja na mwoga.

Bupe anataka uuguzi. Chuo hakimpokei bila Kemia. Leo kabaki darasani akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia si kweli. Sijui nimelitoa wapi jibu hilo.

Alhamisi, 6 Mei

Atomu. Nimetumia ungo. Maharage mekundu ni protoni, mahindi ni nutroni, yote katikati. Ulezi ni elektroni, pembeni kwa mizunguko: wawili, kisha wanane, kisha wanaobaki. Notisi kwa Kiingereza, maelezo kwa Kiswahili, kama walimu wote tunavyofanya mlango ukifungwa.

Gwakisa akauliza nani aliyewahi kuiona. Huyu mtoto haachii. Nikamwambia hakuna aliyeiona kwa jicho. Akasema kumbe tunaamini tu. Nikamwambia hatuamini, tunaijua kwa matendo yake. Hajaridhika. Nimefurahi kwamba hajaridhika.

Jumatatu, 10 Mei

Leo ni leo.

Muungano wa kemikali. Zuhura kaleta chumvi kutoka dukani kwa baba yake, Msasani ya hapa Tukuyu. Nikaiweka juu ya meza. Nikasema humu ndani kuna wawili. Sodiamu ana elektroni kumi na moja: wawili, wanane, na mmoja amebaki peke yake mzunguko wa nje. Klorini ana kumi na saba, mzunguko wake wa nje umepungua mmoja. Sodiamu akampa klorini yule mmoja. Wakashikana. Ndiyo chumvi.

Bupe akanyoosha mkono. Kwa hiyo, Mwalimu, sodiamu katoa mahari.

Darasa likacheka. Mimi pia. Nikasema haya, ng'ombe mmoja, na nikachora ng'ombe ubaoni. Wote wakashika papo hapo. Hata wale wa nyuma, ambao tangu Januari wananitazama kama natangaza habari za nchi ya mbali.

Hapo Gwakisa akasimama. Wakiachana je? Ng'ombe anarudishwa?

Nikakwama. Kweli kabisa nikakwama. Chuoni hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo, wala kitabu hakiulizi. Lakini hapa kwetu nani asiyeuliza? Ndoa ikivunjika ng'ombe wanadaiwa, wazee wanakaa siku tatu. Watoto wamekulia kwenye mashauri hayo. Nikamwambia nipe muda, nitakujibu kwa kukuonyesha.

Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu njiani.

Jumatano, 12 Mei

Mkuu amechungulia dirishani wakati wanabishana juu ya ng'ombe. Baadaye akaniambia, mbele ya walimu wenzangu, kwamba hajui kama nafundisha Kemia au naendesha baraza la wazee. Akaongeza: tarehe kumi na tisa pumzika nyumbani, Mwalimu, kama kawaida yako.

Nikamjibu kwamba Jumatano nina vipindi viwili Kidato cha Pili, saa nne mpaka saa tano na nusu, na ratiba ameisaini yeye mwenyewe. Akasema bodi inakaa saa nne. Nikasema najua.

Mwalimu wa Historia akainamia chai yake. Nyoo.

Ijumaa, 14 Mei

Nimepanga. Chumvi nitaiyeyusha kwenye maji, nitapitisha umeme wa betri, wataachana. Kitabu kinasema inawezekana. Kitabu kinasema pia uwe na vifaa ambavyo sina.

Nimeshuka Msasani baada ya vipindi. Baba Zuhura kanifungulia boksi zima la betri. Nakumbuka tulivyokuwa tunapanga foleni duka la ushirika kwa betri mbili, na ukifika mbele zimekwisha. Sasa zimejaa mpaka dari. Hilo soko huria limefanya, sikatai. Nimechukua sita. Akauliza shule ina redio siku hizi? Nikamwambia tunavunja ndoa. Akasema astaghfirullah, Mwalimu, akacheka.

Nimejaribu nyumbani kwa misumari miwili. Imeshindikana vibaya. Maji yamekuwa tope la kijani, halafu kahawia, kama dimbwi la gereji. Hakuna harufu, hakuna chochote. Msumari umeliwa. Nimemwaga nje, nikakaa kwenye ngazi. Nimejiona mjinga.

Jumapili, 16 Mei

Baba Neema amerudi kutoka Dar, alikokuwa amepeleka ndizi. Nimemweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mke wangu, usituletee balaa. Kemia ni kazi, baba ni baba. Nikamwambia sitaingia ofisini. Sitamwona wala hataniona. Nitakuwa darasani kwangu, nafundisha.

Akasema ukuta ule wa darasa na ofisi haufiki juu. Anajua, alibeba matofali yake. Nikasema ndiyo, haufiki.

Amenuna. Na anune. Mimi ndiye nitakayemtazama Bupe Julai.

Jumanne, 18 Mei

Imewezekana! Kosa lilikuwa misumari. Chuma kinaliwa kabla klorini hajafungua mdomo. Nimevunja betri zilizokufa, nimetoa vijiti vyeusi vya ndani, vya kaboni. Nikaviosha, nikavifunga waya. Povu kote kuwili. Upande mmoja harufu ile ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nimeshika petali nyekundu yenye maji juu yake, ikaanza kupauka.

Nimepiga kelele mpaka Neema kaja mbio na uji mdomoni.

Kesho. Naogopa. Sitaki kuandika kwamba siogopi.

Jumatano, 19 Mei

Naandika darasani, watoto wameshaondoka.

Saa nne bodi ikapita dirishani kwenda ofisini. Nilikuwa nimegeukia ubao, kanga kichwani juu ya gauni la kazi. Mila nimeishika mpaka hapo. Mlango wa ofisi ukafungwa, viti vikaburuzwa. Ukuta wetu umeishia kwenye kenchi. Matofali yalikwisha, na aliyeahidi mengine hakurudi. Neno la upande wa pili unalisikia kama umekaa nao.

Mkuu akaanza kusoma. Kemia haina vifaa. Kemia haimsaidii mtoto wa mkulima wa chai. Nikawaambia watoto fungueni madirisha. Leo tunajibu swali la Gwakisa.

Nilisema kwa sauti. Sauti yangu ya darasani, si ile ya jikoni. Mkuu akakatika katikati ya sentensi.

Nikaunga betri. Vijiti ndani ya maji ya chumvi. Povu. Zuhura akashika petali. Ikapauka pembeni, darasa likasema eee kwa pamoja. Harufu ikapanda, ikavuka ukuta. Ofisini mtu akapiga chafya. Nikaeleza: wameachana, na klorini amemtoa ng'ombe.

Gwakisa hakuniangusha. Amerudi kwa sodiamu?

Nikasema hapana. Amepita kwenye waya, amezunguka betri, ametokea kijiti cha pili. Na pale aliyempokea ni haidrojeni wa kwenye maji. Ndiyo haya mapovu mengine.

Hapo ndipo ukuta uliposema: "Haiwezekani!"

Sauti ile naijua kwa vikohozi na kwa nyimbo za kanisani. Yeye akaendelea: "Ng'ombe wa mtu achukuliwe na jirani, mwenyewe yupo anatazama? Shauri gani hilo?"

Miaka sita, sentensi ya kwanza. Hakusema nami, alisema na ukuta. Nikalitazama jedwali, mifuko ya saruji, mishono ya Bupe. Nikamwita yeye. Mwambie mzee aliyeuliza, sodiamu hamtaki tena yule ng'ombe.

Bupe akaugeukia ukuta, mikono nyuma kama anaimba kwaya. "Babu, Mwalimu anasema sodiamu hamtaki."

"Muulize, hamtaki kwa nini? Mali yake!"

Mwambie, mizunguko yake ya ndani imejaa, wawili na wanane. Huyo wa kumi na moja ndiye aliyekuwa anamsumbua. Bila yeye ametulia. Akirudishiwa hakai, akigusa maji tu anawaka moto.

Bupe akapeleka. Upande wa pili wakanong'ona Kinyakyusa. Nikasikia "Kyala", Mungu, mara mbili. Kisha mzee: "Nani ameona hayo? Muulize, nani ameona?"

Bupe akafungua mdomo kugeuka kwangu. Sikumngoja. Nikasema mwenyewe, nimeuelekea ukuta: "Nimeona mimi, chuoni, kwa macho yangu. Na hawa wataona wakifika Kidato cha Tatu, kama Kemia itakuwepo."

Mvua haikuwepo hata ya kunisitiri.

Mkuu akasema Mwenyekiti, tuendelee na ajenda. Na mzee akasema, taratibu kabisa: "Subiri. Shauri la huyu jirani bado sijalielewa."

Alhamisi, 20 Mei

Nimesema na baba mkwe wangu. Nimeandika ili nione linavyosomeka. Linasomeka vibaya.

Stendi ya Tukuyu wameshajua, kwa maana Baba Neema kaambiwa na kondakta kabla hajafika nyumbani. Akauliza umesema na baba? Nikamwambia nimesema na ukuta. Hakucheka. Jioni akacheka, kidogo, akidhani simwoni.

Bodi haijatoa jibu. Mkuu ananipita kama mti.

Ijumaa, 21 Mei

Mama mkwe kaja asubuhi kabla sijaenda shule. Kakaa jikoni, kakataa chai. Wazee wa ukoo wamekaa. Nimevuka mwiko, natakiwa kutoa jogoo na kuomba radhi.

Nikamwambia jogoo nitatoa, mama. Radhi siombi.

Akanitazama sana. Nikamwambia mila ni yao na nimekosa, ndiyo maana jogoo anakuja. Lakini nikiomba radhi nitakuwa nasema ilinipasa kunyamaza, na nisingenyamaza. Kesho wakikaa tena nitasema tena.

Nilidhani atainuka aondoke. Akasema ameishi na mzee yule tangu msichana, na hajawahi kumsikia akikiri kwamba kuna kitu hajakielewa. Juzi usiku hakulala, anamuuliza yeye habari za jirani. Kisha akachukua chai.

Jumamosi, 22 Mei

Nimempeleka jogoo. Mwekundu, mzito, nilimchagua makusudi, wasije wakasema nimeleta kifaranga. Nimemfunga kwenye nguzo ya baraza, mgongo nimeupa mlango. Mzee alikuwa ndani. Akakohoa. Mimi nikasema kwa mama mkwe, si kwa kunong'ona: jogoo huyu hapa.

Mama mkwe akasema ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Nikaondoka. Radhi haikutajwa.

Jumatatu, 24 Mei

Barua ya bodi. Mkuu kanipa kwa ncha za vidole.

Biashara itaanza Julai. Kemia itaendelea, Kidato cha Pili na cha Tatu. Bodi haina vifaa vya kutoa. Na mwisho kabisa, kwa mwandiko ule ule wa karani: mwalimu wa Kemia asiendeshe vipindi wakati bodi inapokutana.

Nimeisoma mara tatu. Itaendelea. Itaendelea!

Bupe alikwenda kwenye jedwali akaanza kubana uzi pale ulipolegea, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nimekwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi. Hilo la mwisho la barua sitalijibu. Wakikutana tena tutaona.

Alhamisi, 27 Mei

Asubuhi nimekutana na mzee njiani. Nikaingia migombani, nikageuza mgongo, kanga kichwani. Akapita. Kama siku zote. Umande umenilowanisha mpaka magotini.

Kipindi cha tatu. Oksijeni na haidrojeni. Nimechora: oksijeni amepungukiwa wawili, haidrojeni wako wawili, kila mmoja na elektroni yake moja. Hapa, nikasema, hakuna anayempa mwenzake. Kila mmoja analeta ya kwake, wanaiweka katikati, wanaitumia wote.

Hawakuandika. Walikuwa wananitazama. Bupe akauliza mahari basi katoa nani. Nikasema hakuna. Gwakisa akasema haiwezekani, akageuka kuutazama ukuta, labda utamsaidia. Ofisini hapakuwa na mtu.

Zuhura akauliza: "Sasa Mwalimu, hiyo ni ndoa gani?"

"Ni maji," nikasema. "Umekunywa asubuhi."

Wakainamia madaftari. Nikasogea dirishani wakati wanachora.